Ita Jina Kwanza

Baba Milembe wangu,

Leo nina maringo, nivumilie. Binti yetu amepanda basi hapa stendi ya Ushirombo, anakwenda Shinyanga kuanza kidato cha tano. Yule yule Milembe! Yule uliyemtuma chumvi dukani akarudi na kifaranga cha watu, chumvi kaisahau, na kandambili moja haijulikani ilipo.

Unakumbuka darasa la tatu, mwalimu wake alipotuita? "Hatulii, hamalizi kazi. Akiendelea hivi, mtoeni." Mama yako akasema ni mapepo, apelekwe kwa mganga. Mimi nilimchapa. Nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma. Wewe ukakataa mganga, ukakataa na fimbo. "Mkaidi husikia akakataa," ulisema. "Huyu hata hajasikia."

Ukaanza kumfanyia kama maksai wako wa jembe: unaita jina kwanza, unangoja akugeukie, ndipo unasema jambo moja tu. Akilitimiza, unamsifu papo hapo. Nilikucheka mpaka machozi. "Na nira utamvisha lini?"

Kisha tukaenda Kahama kwa daktari wa watoto. Nilidhani atampima damu atupe jibu. Wapi! Alimpima masikio na macho, akauliza analalaje, mambo haya yalianza lini, nyumbani yukoje. Akatupa karatasi ili mwalimu naye aandike ya shuleni. Tuliporudi nayo ndipo akasema ni ADHD: umakini wake hauchelewi kuhama, na mwili haukubali kutulia. Si mapepo, wala si malezi mabaya. Hapo ukainamisha kichwa, ukakiri kwa aibu kwamba unamfundisha mtoto kama ng'ombe. Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee, hicho ndicho tunachowafundisha wazazi." Lo! Ulitoka pale kifua mbele, hata waliokusalimia hukuwasikia.

Mwalimu akamkalisha dawati la mbele, akawa anampa kazi kidogo kidogo. Dawa zilifuata baadaye, na kila tukirudi kliniki anapimwa uzito, urefu na presha. Ulipofariki niliogopa sana. Nilijiuliza nani atakuwa na subira ya kumngoja mtoto huyu ageuke. Ikabidi nijifunze mimi, na haraka zangu hizi unazozijua.

Leo asubuhi nilikuwa na maagizo kumi mdomoni: dawa, daftari, ufunguo wa sanduku, kadi ya kliniki. Kondakta anapiga kelele, watu wanasukumana mlangoni. Nikaita, "Milembe!"

Akatua mizigo yake chini. Akageuka, akanitazama usoni, akangoja. Mtoto wetu alingoja, mume wangu, katikati ya makelele yote yale. Na mimi maagizo yote kumi yakanipotea.

Nikamwambia jambo moja tu: "Nenda."

Akaenda. Pumzika sasa, nimemfikisha.

Mkeo,
Mama Milembe