Inchi Kumi na Nne

Nyumba ya Chini ya Daraja,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi ni wazima, na leo nina furaha hadi naandika mbiombio, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Unajua tangu macho yamkatalie shemeji yako kutunga uzi kwenye sindano, kitalu chake cha miche hapo kando ya kijito ndicho kinachomtoa kitandani. Basi mwezi uliopita ofisi ya maji ilituomba sote tunaotumia kijito tupime kina kila asubuhi na kutuma kwa simu. Namba zote zinaingia kwenye ramani moja ambayo kila mtu anaiona. Kina kikikaa chini ya sentimita ishirini kwa wiki mbili, hakuna kumwagilia tena.

Shemeji yako hakukosa hata siku moja, na kofia kichwani utadhani ameitwa ikulu. Akatuma kumi na nne, kumi na nne, kumi na tatu. Alama yetu ikawa nyekundu. Siku ya kumi na mbili akaanza kuwagawia majirani miche yake, kimya kimya, na mezani akawa anachezea tu chakula. Niliogopa sana, mdogo wangu.

Aliyetuokoa ni yule mama mfuga kuku wa kule juu. Alikuja na simu mkononi: kwake thelathini na sita, kwa jirani aliye chini yetu thelathini na tano.

“Kwani maji yakifika kwenu yanaruka?” akauliza. “Hebu Fundi, nionyeshe unapimia nini.”

Shemeji yako akavua utepe wake wa ushonaji shingoni. Miaka arobaini ameshona kwa inchi. Upande wa sentimita hajawahi kuugeuza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akanuna, kisha akacheka, kisha akatoka mbio kudai miche yake nyumba kwa nyumba. Ofisi wamesahihisha namba na kitalu kimebaki.

Mama mkubwa anakusalimu. Nisalimie shemeji yangu na wanangu wawili. Mungu awakinge na awape usingizi mwema.

Anwani ya ramani nimeiandika nyuma ya karatasi. Ifungue kila asubuhi. Ukiona kijani chini ya daraja, ujue shemeji yako ameamka.

Dada yako akupendaye daima.