Heta Mpya na Mkono Wangu wa Mfungaji

Guangzhou, Jumapili, 11 Januari 2009

Leo ni baridi ile ile ya unyevunyevu. Kwetu Makambako baridi inakupiga usoni asubuhi, jua likitoka mnaachana. Ya hapa inaingia ukutani na kukaa humo kama mpangaji. Nyumba za huku kusini hazina kitu cha kuzipasha moto. Joto unalikuta bafuni tu, kwenye maji ya heta.

Na heta yetu, mpya kabisa, ilikuwa haitoi joto.

Mgongo unaniuma lakini moyo ni mweupe. Naandika kwenye kompyuta ya Salim huku nikisubiri zamu yangu ya kuoga.

Mimi ni mfungaji mizigo kwa wakala mmoja pale jengo la Tianxiu. Watu wakishanunua nguo zao kwenye masoko ya Shahe au Zhanqian, zinaletwa kwangu. Nazishindilia kwenye viroba, nazungushia tepu mpaka robota linakuwa gumu kama jiwe. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Salim wa Mombasa anayesafirisha simu, na mkewe Mwanaisha. Sasa tuko wanne. Binti yao ana siku kumi na mbili.

Mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Hilo halina mjadala, uwe mtu wa Mombasa au wa Mbeya. Mwanaisha hana mama wala shangazi huku, kwa hiyo Mama Faraja, mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuja kununua nguo za watoto, alijitolea kuja kumkanda kila siku. Mwenye nyumba naye, mama wa Kichina tunayemwita Ayi, yaani shangazi, alimwonea huruma mzazi. Akaing'oa heta ya zamani iliyooza, akaleta mpya ya gesi, ikafungwa kwenye kibaraza cha jikoni.

Siku ya kwanza maji yalitoka ya moto, bafu lote likajaa mvuke. Kuanzia siku ya pili ikawa hivi: inawaka, inanguruma, dakika tatu, kimya. Maji yanarudi kuwa ya mtoni.

Wiki nzima nimejifanya fundi. Nilianza na betri za kuwashia, nikaweka mpya. Nikabadilisha mtungi wa gesi, nikaupandisha ghorofa sita begani. Nikafungua kichujio pale maji yanapoingilia, nikakuta mchanga kidogo, nikausafisha na kutangaza ushindi. Dakika tatu, kimya. Nikapunguza maji yatoke membamba kama uzi. Yakapata uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa, kisha yakapoa.

Mama Faraja akawa anachemsha maji kwenye sufuria la umeme la kupikia wali. Umeme unakatika, anaanza upya. Jana Mwanaisha alilia. Alisema mwili umemkaza na kichwa kinamgonga. Mimi pia kichwa kilikuwa kinaniuma, nikasingizia kazi.

Nilimtukana fundi aliyeifunga. Nikakitukana na kiwanda.

Lakini kila Salim aliposema tumwite fundi, nilisema tusubiri. Nilitoa sababu nyingi nzuri. Ya kweli ni moja: viza yangu imekwisha tangu Oktoba. Siku hizi askari wanakagua pasipoti mtaa wetu wote wa Xiaobei, kwenye lifti, ngazini, mpaka kwenye milango ya migahawa. Wenzangu wawili wa kazini wameshachukuliwa. Kwa hiyo mgeni akigonga mlango, mimi napanda ngazi hadi juu ya paa na kujibanza katikati ya soseji walizoanika majirani.

Mimi nilikuwa nasubiri, na aliyekuwa anaumia ni Mwanaisha. Naliandika hapa ili nilione.

Jana Salim aliacha kuniuliza, akampigia Ayi mwenyewe. Jibu likaja kwamba fundi atapita leo saa sita mchana, na akitoka hapa anakwenda stesheni. Anarudi kijijini kwao kwa mwaka mpya wao, na mafundi wote wanaondoka hivyo hivyo. Tukimkosa huyu, tungengoja mpaka mwezi ujao.

Alipogonga, nilikuwa tayari nimevaa viatu. Nikampita mlangoni nimeinamisha kichwa kama jirani mwenye haraka, nikapanda ghorofa moja, nikakaa kwenye ngazi.

Mlango waliuacha wazi. Nilisikia kila kitu. Kichina cha Salim ni cha kuuzia simu: bei gani, punguza, nzuri sana. Alikuwa anasema “meiyou moto, meiyou moto,” yaani moto hakuna, na “moto” yenyewe aliisema kwa Kiswahili. Fundi akafungua bomba, maji ya moto yakatoka, kama yanavyotoka kila mara mwanzoni. Akasema sawa, nzuri. Nikamsikia anafunga sanduku lake la vifaa.

“Ngoja dakika tatu, yakhe!” Salim akapiga kelele. “Tatu! Wallahi utaona!”

Mtu wa watu haelewi. Hatua zikaanza kuja mlangoni. Mtoto akaanza kulia ndani.

Nikashuka.

Sijui nieleze vipi. Miguu ilishuka kabla sijaamua. Nikamkuta mlangoni, na begi lake la safari limeegemezwa ukutani. Nikamwambia kwa Kichina changu cha kupakia mizigo: “Bosi, subiri. Inawaka, halafu inakufa. Ndani kuna mtoto mdogo.”

Akanitazama. Akatazama saa. Akarudi jikoni.

Tukasimama wote kuitazama heta kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Dakika ya tatu, kimya. Fundi akanusa hewa, uso ukabadilika. Akafungua dirisha lote kwa nguvu, akatoa mkono nje na kupapasa bomba la moshi mahali linapotokea.

Akavuta. Ikatoka tepu ya kahawia. Akavuta tena, ikatoka nyingine, na kipande cha kiroba kilichokunjwa vizuri, kona nne.

Kazi safi sana. Niliitambua papo hapo.

Jioni ile ya siku ya kwanza, baada ya kuoga, niliona upepo unaingia kwenye lile bomba. Nikaliziba. Sikufikiri hata kidogo. Mkono wa mfungaji mizigo hauwezi kuona tundu ukaliacha. Kisha nikasahau, kama ninavyosahau robota likishatoka mlangoni.

Fundi akauliza kwa ukali nani amefanya hivi. Salim akatazama juu. Ningeweza kunyamaza, nusu ya Guangzhou inatumia tepu hiyo.

“Mimi,” nikasema.

Fundi akaweka viganja viwili shavuni kama mtu anayelala, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Hakuna aliyehitaji mkalimani: moshi ulikosa njia, ukawa unauzima moto na kurudi ndani kwetu. Mimi nimekulia baridini. Najua tangu utotoni kwamba jiko la mkaa halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa, na najua nyumba ambayo watu wake hawakuamka. Nikatazama mlango wa chumba cha Mwanaisha.

Mama Faraja akaiokota ile tepu, akaigeuza geuza.

“Eti baba, huo moshi ulikuwa unausafirisha kwenda Tunduma? Mbona hukuandika namba ya simu ya mpokeaji?”

Salim akacheka mpaka akakaa chini. “Lameck, ndugu yangu, nitakufunga tepu wewe, mdomo na mikono!” Fundi hakuelewa neno lolote lakini naye akacheka. Akawasha heta. Dakika tatu. Tano. Kumi. Ikanguruma bila kukata.

Alipokuwa anaondoka niliubeba mzigo wake hadi chini. Aliniuliza kama nami naenda nyumbani kwa mwaka mpya. Nikasema hapana. Hakuuliza kitu kingine. Akanipa sigara, na mimi sivuti. Nimeiweka mfukoni.

Madirisha tumeyaacha wazi mchana kutwa, na kichwa cha Mwanaisha kimetulia. Mama Faraja amemkanda mpaka tumesikia kelele: “Mama, wanichoma!” na “Nyamaza, mwili haukandwi kwa kubembelezwa!” Salim alikuwa anazunguka sebuleni kama anakandwa yeye. Baadaye mzazi alitoka amejifunga kanga mbili, uso unang'aa, akaniambia, “Kaka Lameck, Mungu akuweke. Ila lile bomba la moshi usiliguse tena.”

Sitaligusa.

Viza bado imekwisha. Kesho alfajiri kuna mizigo ya Shahe, na askari watakuwepo njiani. Mlango ukigongwa tena, nitafungua au nitapanda ngazi? Sijui. Pengine nitapanda.

Lakini Salim ananiita, bafu liko wazi, na maji bado yana moto.