Joto la Kabatini

Jumapili, 4 Januari

Alfajiri. Maji ya udhu ya moto, soksi za Hajja jozi mbili, shali, kahawa. Nilipoingia sebuleni hita ilikuwa imeshajiwasha. Bado sijazoea. Miaka sita nimeiwasha mimi.

Kidude kipya kimeletwa na Bosi Nasser, mtoto mkubwa wa Hajja. Ni vipande viwili. Kimoja ni plagi nene ya ukutani, na hita ya mafuta imechomekwa humo. Cha pili ni kisanduku cheupe chenye kioo, hakina waya wowote. Hiki ndicho kinachopima joto na kuiamuru plagi kwa mbali iwashe au izime. Bosi amekipangia saa: Alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, kisha Alasiri mpaka Isha, joto lisipungue nyuzi ishirini na mbili. Anaogopa nyumba isije ikaungua. Anasema mamake atasahau kuzima, na Siti naye atasahau. Mimi nisahau!

Amekiweka juu ya kabati la vyombo vya kahawa kwa kuwa hapo kinapendeza. Vitufe amevifunga kwa namba ya siri. Amri ni moja tu: Siti asikiguse.

Hajja anasema ni simu isiyopigiwa na mtu.

Jumatatu, 5 Januari

Asubuhi joto tamu. Jioni baridi. Sielewi.

Baada ya Alasiri hita iliwaka vizuri. Nikafukiza udi kama kawaida, nikaleta kahawa na tende. Kabla Hajja hajamaliza kikombe cha pili plagi ikalia tak, taa ya hita ikazima. Nikatazama kidude: ishirini na tano. Nikashika vidole vya Hajja: baridi tupu. Mmoja wao ni mwongo, na si Hajja.

Jumatano, 7 Januari

Jioni ya tatu vilevile. Tak, na giza kwenye taa ya hita mpaka karibu na Isha, Hajja akiwa anakwenda zake kulala. Wanaodhani Riyadh ni jua tu waje mtaani kwetu Malaz Januari wakae chini kwenye zulia.

Hajja ameanza kukohoa. Nikakipiga kidude picha, nikampelekea Bosi. Akajibu: Ishirini na tano ni joto. Umegusa? Nikaandika: La, Bosi. Akajibu: Usiguse.

Nimekasirika mpaka vitunguu vimeungua.

Ijumaa, 9 Januari

Siku mbaya. Walikuja wote kwa chakula cha mchana. Nilipika kabsa, wali wa nyama, ya watu kumi na wanne. Chetezo nilikizungusha mkononi, mgeni kwa mgeni, kila mtu akajifukiza nguo. Wakakaa mpaka Magharibi, na kidude kikashika adabu mbele yao, kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Hita haikukosea hata mara moja.

Madam, mkewe Bosi Nasser, akasema jikoni kwamba tatizo si mashine, tatizo ni mikono. Akaitazama yangu.

Halafu simu ya Bosi Sami, mdogo wake Bosi Nasser, kutoka Jeddah, sauti juu wote wasikie. Mama aje kwangu Baghdadiyah, huku hakuna baridi. Wakaamua papo hapo, mwenyewe hajaulizwa. Ijumaa ijayo Bosi Sami anakuja. Kifua kikiwa hakijapoa na nyumba bado ni ya baridi, anaondoka na mamake. Nyumba itafungwa. Mimi ikama yangu, kibali cha kukaa huku, itahamishwa kwa kafili mwingine, yaani mwajiri mpya. Madam ameshapata nyumba ya kunipeleka, ina watoto saba.

Hajja alikuwa akikunja kitambaa chake cha mkono na kukikunjua. Humu aliingia bibi harusi. Mumewe alitolewa humu kwenda kuzikwa. Lakini kwa wanawe hana ulimi wa kukataa, hajawahi kuwa nao.

Nililia nikiosha masufuria. Hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumamosi, 10 Januari

Nimempigia Rukia. Tulikuja naye ndege moja, sasa yuko Jeddah, mtaa uleule wa Bosi Sami. Analijua jengo. Ghorofa ya nne, lifti inafanya kazi inapotaka. Na watoto wa nyumba ile wanawasha AC hata Januari, saa ishirini na nne. Kwa hiyo Hajja atakimbia baridi ya Mungu akakutane na baridi ya umeme.

Nani atamchanganyia udi wa sukari, wa kwetu Mombasa? Mimi ndiye niliyemzoesha. Siku hizi akiletewa wa dukani, hata ule ghali, ananusa na kuurudisha. Alasiri bila chetezo kwake si Alasiri. Yeye alinifundisha kahawa, mimi nikamfundisha udi. Hatudaiani.

Sitaki kuondoka. Basi, nimeandika. Sitaki.

Jumapili, 11 Januari

Nimekipata kitabu cha maelezo kwenye droo. Kiarabu, Kiingereza, Kichina. Kiingereza changu cha kidato cha nne kina kutu lakini kinasukumika. Hajja alilala mchana wote, nami nikasoma mchana wote.

Ukurasa wa kumi: chombo hupima joto la mahali kilipo. Nilisoma mara tatu. La mahali kilipo! Si la chumba.

Nikawakumbuka vifaranga wangu wa Likoni. Nilifuga kuku wa nyama kabla ya Saudia, na awamu ya kwanza niliwaua wengi kwa ujinga. Kipima joto nilikitundika kwenye msumari usawa wa macho yangu, nisiiname. Juu kilisema joto, na chini vifaranga wanakufa. Jirani ndiye aliyenizindua. Bi mkubwa, nani anayeishi humu, wewe au kuku? Nikakishusha mpaka kimo cha kifaranga, hakufa mwingine. Akanifundisha pia kutazama kuku wenyewe. Wakibanana, ni baridi. Wakitawanyika na kunyoosha mabawa, joto limewaenea.

Wiki nzima Hajja amekaa amejikunyata kwenye godoro, magoti kifuani. Kidude kiko juu kabatini, kimo cha Bosi.

Lakini mbona asubuhi kinafanya vizuri, na kabati ni lilelile? Kuna jingine hapo.

Jumatatu, 12 Januari

Nimempata mchawi.

Leo niliamua kutazama tu. Nimekatazwa kugusa, sikukatazwa kutazama. Nyuma ya karatasi ya kalenda nikaandika kila dakika tano. Alasiri: kumi na tisa, hita inawaka. Ishirini. Nikafukiza, nikakaa tena na kalamu yangu. Ishirini na moja. Ishirini na mbili, tak, hita ikazima. Haya, ni haki yake. Lakini namba haikusimama. Ishirini na tatu. Nne. Tano. Sita! Hita imezima, mbavu zake zinapoa, Hajja anavuta shali, na kidude kinapanda tu.

Nikasimama nikitafuta moto unatoka wapi. Ulikuwa unatoka kwangu. Chetezo changu, makaa mekundu, kando ya kidude, hata shubiri haitimii. Kila Alasiri nakiweka pale, mkono huu huu. Asubuhi sifukizi. Ijumaa nilikizungusha kwa wageni, hakikukaa kabatini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona aibu. Kisha nikacheka tena. Hajja alidhani nimepandwa na wazimu.

Jumanne, 13 Januari

Chetezo nimekihamishia mlangoni. Hita imefanya kazi mpaka Isha, ikizima na kuwaka kwa zamu zake. Nusu ya vita.

Ningeweza kunyamaza. Lakini Madam atasema, mnaona, ameacha kubonyeza. Sitaki kusamehewa kosa ambalo sikulifanya. Nililofanya ni lingine, na hilo nitalisema mwenyewe mbele yao wote.

Nusu ya pili: kule juu kinasoma ishirini na mbili, na Hajja huku chini havui shali. Inabidi kishuke, nami sina ruhusa. Nikamweleza Hajja kwa Kiarabu changu cha jikoni. Maneno yaliponiishia nikaigiza vifaranga, wa baridi na wa joto, mabawa na yote. Alinitazama kwa makini sana. Halafu akainuka, magoti yakilia, akanyoosha mkono kabatini, akakichukua kidude na kukiweka juu ya meza ndogo ubavuni pake.

“Nyumba ya nani hii?” akaniuliza.

Yako, Hajja.

“Basi aliyegusa ni mimi. Halas.”

Nimempenda leo kuliko siku zote sita za miaka sita. Hesabu haiendi hivyo, najua. Iache.

Alhamisi, 15 Januari

Jioni mbili za joto. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu, lakini kipo. Bosi Sami amekata tiketi mbili za kurudi Jeddah, yake na ya mamake. Madam amemtuma dereva na sanduku tupu la nguo. Nimelisimamisha nyuma ya mlango, likiangalia ukuta.

Namba zote nimezinakili upya kwa mwandiko safi. Miaka sita nimeingia majlisi ya wageni na sinia, sijawahi kuingia na maneno.

Ijumaa, 16 Januari

NIMESHINDA. Niandike polepole, nisiruke kitu.

Baada ya chakula nikafungua madirisha eti kutoa harufu ya nyama. Chumba kikapoa. Alasiri ikaingia, hita ikawaka yenyewe. Bosi Nasser akakiona kidude mezani, uso ukabadilika, akauliza nani. Hajja akasema, mimi. Kisha akasema, Siti ana jambo la kusema, msikilizeni.

Nikasema kosa la baridi ni langu. Madam akavuta pumzi ya mtu aliyekwisha shinda kesi. Sikumpa nafasi. Nikaomba ruhusa, nikakirudisha kidude kabatini, nikaweka chetezo kando yake palepale pa zamani. Nikamwomba Bosi Sami asome namba kwa sauti. Ishirini. Moja. Mbili, tak! Hita ikazima, wanaume wote wakageuka. Endelea, Bosi. Tatu. Nne. Tano. Sauti yake ikaanza kupungua. Bosi Nasser, injinia mzima, akaenda kuishika hita, akaikuta inapoa. Akatazama kidude, akatazama makaa, akajishika kipaji cha uso.

Nikakihamisha kidude mezani kwa Hajja. Namba ikashuka, wote tukiitazama kama mechi. Tak. Taa ikawaka. Kuna mtoto alipiga makofi.

Nikatoa karatasi yangu. Bosi Nasser aliisoma mpaka mwisho, akarudia. Akauliza nimejifunza wapi. Kwa kuku, Bosi. Bosi Sami alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Halafu Bosi Nasser akasema, na mkewe anasikia, kwamba aliyekiweka kidude kabatini ni yeye, na kwamba aliniuliza kama nimegusa wakati alipaswa kuuliza nimeona nini. Sikutegemea hilo.

Madam hakukubali kuzama hivihivi. Akasema, lakini Mama bado anakohoa.

“Nitakohoa kwangu,” Hajja akasema. Kisha akamgeukia Bosi Sami kwa upole wake ule. “Maliza tende zako, mwanangu. Ndege isije ikakuacha.”

Hana ulimi wa kukataa! Nilipoandika hayo wiki iliyopita nilikuwa simjui.

Bosi Sami akambusu kichwa, hakubisha. Bosi Nasser akanipa namba ya siri, akanionyesha vitufe. Siku saba, kila siku na saa zake. Anasema kilitoka kiwandani kikidhani mapumziko ni Jumamosi na Jumapili, na huku ni Ijumaa na Jumamosi, akakirekebisha. Mara ya pili nilibonyeza mwenyewe bila kukosea.

Huku udi ukizungushwa mara ya mwisho, ndiyo ishara ya wageni kuondoka. Leo niliuzungusha mapema kidogo. Madam nilimfukiza vizuri sana, mbele na nyuma, nikamfungulia mlango kwa heshima zote. Sanduku tupu alilibeba mwenyewe.

Jumanne, 20 Januari

Upepo mkavu nje. Nguo za kambani zimekauka mpaka zimekuwa ngumu.

Nimepanga upya saa za hita. Kuanzia wiki hii Hajja anafunga Jumatatu na Alhamisi, hivyo siku hizo iwake mapema, kabla ya daku. Jana ilikuwa mara ya kwanza. Ilikubali.

Kikohozi hakuna tangu juzi. Rukia anauliza kama bado naenda Jeddah. Nimemwambia mafi Jeddah, hakuna safari, atusalimie bahari.

Alasiri nimeweka chetezo mlangoni, kahawa mezani. Plagi ililia mara moja, sikuinua kichwa kutazama namba. Nilikuwa namtazama Hajja. Amenyoosha miguu yote miwili juu ya zulia. Soksi amevua mwenyewe, jozi zote mbili, ameziweka kando ya kikombe.