Meza ya Madereva, Tukuyu

Mama, shikamoo.

Mvua ya huku haijakatika tangu juzi, na kuhusu lile koti nililoliacha nyumbani, ulisema kweli. Ndege nimeiacha uwanja wa Songwe. Mabosi wamekuja Tukuyu kwa magari kuangalia mashamba ya chai, na mimi kazi yangu ni kusubiri na madereva wao, simu mkononi.

Leo mchana tuliingia mgahawa mmoja hapa Msasani, si ile ya Dar, ni ya hapa Tukuyu. Mama mwenye mgahawa akaniuliza, "Na wewe dereva, nikupikie nini?" Nikaitikia tu. Wenzangu waliagiza wali maharage, uliokuwa tayari umeiva. Mimi nikaagiza kuku wa kienyeji na ndizi. Mmoja akacheka: "Rubani, dereva wa bosi haagizi kitu cha kusubiri."

Kuku akiwa bado jikoni, simu ikalia. Bosi anataka turuke jioni hii hii. Nikapiga Songwe, wakasema ukungu umefunika uwanja wote. Nikamwambia bosi haturuki. Akasema marubani wapo wengi, akakata simu. Kuku alipoletwa, tukamla wote.

Basi mama, huenda nikarudi sina kazi, lakini nitarudi mzima. Usiache kumeza dawa zako za presha. Na ukimwonyesha tena mama Zuhura ile picha yangu ya jaridani, nimeegemea ndege kana kwamba ni yangu, mwambie hata ile miwani ilikuwa ya mpiga picha.

Mwanao akupendaye,
Neema