Pamba ya Mjomba Imelaliwa

Mama, shikamoo.

Kadi ina twiga kwa sababu posta ya Bariadi hawana ya pamba. Huku Nkololo kwa kaka yako nako pamba ni ya kutafuta. Mvua ilikatika pamba ikiwa kwenye maua, maua yakapukutika. Ikarudi Mei, vitumba vimeshapasuka, ikalowesha kilichobaki.

Ulinisimulia kuwa zamani pamba ilijaa chumba cha wageni mpaka dirishani, mgeni akalala jikoni na mbuzi. Mimi nimepewa chumba. Mavuno yote ya mwaka yalitandazwa chini, yakafunikwa shuka, nikayalalia. Yalinitosha, ila miguu ilibaki nje.

Asubuhi wakaja wanunuzi watatu. Enzi zenu ulinunua ushirika peke yake na mkulima akapanga foleni. Siku hizi anunuaye ni yeyote, kwa hiyo kila mmoja alikuja na mizani yake, wakamwamkia mjomba "Mwangaluka, baba" kama watu waliokuja kuposa. Mjomba akawapa viti.

"Subirini kidogo," akasema, "pamba imelaliwa. Mgeni hajaamka."

Wakasubiri, kofia mkononi. Nilipotoka wakanishukuru.

Leo nalala kwenye mkeka. Mjomba anachoma miti ya pamba ili Novemba apande tena. Anakusalimu sana, anasema mwakani ukija utalala jikoni na mbuzi, Mungu akipenda. Nami nakuombea hivyo hivyo.

Mwanao,
Kulwa