Udongo Mtamu wa Baba

Redruth, Cornwall
Machi 1804

Mpendwa kaka Digory,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Philadelphia, wewe, wifi yangu na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kumgombeza paka na mchungaji bado anayo. Mvua haijakatika tangu Krismasi.

Baba alipofariki nilikuandikia. Sasa nikueleze walivyotaka kumzika mara ya pili.

Chama cha wataalamu wa mji kiliamua kumwekea jiwe la kumbukumbu kanisani. Mama alilia kwa furaha, mpaka mwenyekiti wao, Bwana Nankivell, alipokuja na wenzake kutusomea maneno yatakayochongwa. Baba ni mcha Mungu, baba ni mume mwema, baba ni jirani mpole. Kuhusu ule udongo mweupe, laini kama unga, alioutoa kwenye jiwe la kijani la mgodini, ambao hakuna mkemia aliyewahi kuutaja kabla yake, hapakuwa na neno hata moja. Nilipouliza, akanijibu kwamba ile ni chokaa tu, na kwamba baba aliiita udongo mpya kwa sababu ya utamu alioudai yeye peke yake. Unakumbuka desturi ya baba na wakemia wenzake wote: kila kitokacho kwenye chungu cha kuyeyushia kwanza mizani, kisha ulimi. Nankivell akasema ulimi ule ulikuwa umelamba madini ya risasi na zebaki miaka arobaini, nani ataushika ushahidi wake? Kisha akawageukia wenzake, "Jamani, mzee wetu aligoma kula sukari inayolimwa na watumwa mpaka hamu ikamzidi, akaanza kuitafuta kwenye mawe!"

Wakacheka, kaka, ndani ya nyumba ya baba. Damu ilinichemka. Wewe unajua kwa nini chai yetu haina sukari, na unajua nyumba ya Nankivell imejengwa kwa fedha za sukari hiyo ya watumwa, kutoka Jamaica. Nikamwambia jiwe lisilotaja udongo wa baba halitaingia kanisani nikiwa hai, na kama anaona ni chokaa, waje Alhamisi waionje.

Walikuja wote, wakaimaliza keki ya zafarani ya mama. Nikaweka kisahani cha unga ule katikati ya vikombe. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alisingizia tumbo, mwingine akasema siku hizi mkemia hupima, haonji. Nankivell akajiegemeza kitini, "Anza wewe basi, Bi Loveday, tukuone." Nikachota, nikaweka ulimini, nikameza. Nikamkazia macho nikasema ni mtamu. "Haya bwana, zamu yako. Au unamwogopa marehemu?"

Safari hii walimcheka yeye. Akaona aibu kurudi nyuma, akachovya kidole, akalamba.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama halijui. Mikono ya baba ilipoanza kutetemeka kwa sumu ya vitu alivyoonja, mimi ndiye niliyekuwa nikimwonjea. Udongo huu ulipopatikana, ulimi wangu nao ulikuwa umeshakufa kwa sumu hizo; sikumwambia, nisimhuzunishe, nikamwachia auonje mwenyewe. Keki ya mama na majivu, kwangu ni kitu kimoja. Niliposema ni mtamu mbele ya watu wale, sikuwa nimeonja chochote. Nilikuwa na neno la baba tu, na kama alikosea, ningezama naye, wala sijutii.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nikimtazama Nankivell kuliko mtu yeyote chumbani. Macho yalimtoka. Akalamba midomo, na kidole chake kikarudi kwenye kisahani.

Jiwe sasa linachongwa, na udongo wa baba umetajwa. Wabusu watoto, waambie babu yao alisema kweli. Sukari bado hatununui.

Mimi dada yako, mkaidi kama ulivyoniacha,
Loveday Trembath