Tenda ya Baba na Selipher Wangu

Jumapili, 12 Januari 2014, Riyadh
Selipher amepiga, simu ya kuazima! Yuko Jeddah, ndani, kule wanakofungia waliotoroka makafili wao, mabosi waliowaleta. Anangoja karatasi za kurudi Kenya. Nikamuuliza anakula nini. Mkate na matusi, akasema, akacheka. Mjinga huyu, nampenda! Tulikuja ndege moja. Alinisuka pale airport Nairobi ili nisitue Saudia na nywele timutimu.

Jumanne, 14 Januari
Makubwa! Bosi wangu, Baba, anaitaka nyumba hiyo hiyo alimofungiwa Selipher. Serikali inatafuta kampuni ya kuiendesha — milango, chakula, walinzi. Madam, mkewe, anasema wanaoomba tenda ni watatu, na mwenye bei ya chini ndiye atapewa. Nimemwombea Baba kuliko ninavyojiombea. Akipata si atamtoa Selipher tu?

Alhamisi, 23 Januari
Watu wa serikali wamekuja kwetu. Mmoja akauliza: wanawake watatunzwa na nani, hasa hawa Wakenya? Baba akapangusa paji. Jasho, maskini! Mara akaninyooshea kidole, nami na birika langu la kahawa: huyu hapa, amezoea kazi hiyo. Mimi? Hata kuku sijawahi kumfungia! Lakini ni mzee huyu aliyekaa nami hospitalini tumbo liliponilaza. Ningemwaibishaje? Nikasema aiwa, ndiyo. Wakaandika.

Jumatatu, 3 Februari
Baba amepata! Vigelegele, mimi na madam. Baada ya chakula nikamwomba amtoe Selipher. Akasema kwa upole: Wini, binti yangu, kutoa ni kazi ya serikali. Mimi natunza tu, nalipwa kwa kila kichwa, kila siku. Na kwa bei niliyowapa, vichwa vikipungua mimi halas, nimekwisha. Akaniwekea kipande kikubwa cha nyama. Nikakirudisha sufuriani.

Jumapili, 9 Februari, Jeddah
Abaya mpya, beji, funguo shingoni. Baba ananitazama kama mtoto wake aliyepita mtihani. Uchungu gani huu, na bado nampenda mzee!

Nikafungua. Selipher akanirukia — nilijua utakuja kunitoa, nilijua! Amekonda. Harufu ni ile ile ya Vaseline. Nikamshika. Baba akaita toka mlangoni: yalla, Wini, funga.

Nimefunga. Naandika kwenye stuli, hapa koridoni. Namsikia humo ndani akikunja leso zake, akiwaaga wenzake mmoja mmoja.